Jukwaa haliuzwi: watoa mada na wadhamini wa WordCamp

Tuanze na hesabu, maana ndiko mvutano wote kati ya jukwaa na mdhamini unakotokea. WordCamp ni mkutano wa jamii ya watumiaji na watengenezaji wa WordPress, programu huria ya kujengea tovuti. Chukua WordCamp ya siku moja, watu 150, katika mji kama Dar es Salaam. Bei hizi ni za mfano. Weka za mjini kwako. Chakula cha mchana pamoja na chai mbili kwa shilingi 35,000 kila mtu ni 5,250,000. Ukumbi 2,500,000. Fulana 150 kwa 15,000 ni 2,250,000. Sauti na projekta 1,200,000, kurekodi video 1,000,000, uchapishaji 800,000, intaneti 600,000. Jumla 13,600,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura, umefika 14,960,000.

Sasa mapato. Kati ya hao 150, kama 50 hivi hawalipi: watoa mada, wanakamati, wajitolea, na wanaokaa kwenye meza za wadhamini. Mia waliobaki wakitoa 10,000 kila mmoja, mkononi una milioni moja. Tiketi haifikishi hata sehemu ya kumi ya gharama. Na haipandishwi, kwa sababu tangu WordCamp ya kwanza ilipofanyika San Francisco mwaka 2006, mkutano huu umekuwa wa jamii: mwanafunzi anayejifunza kutengeneza tovuti kwa laptopu ya kuazima anaingia kwa tiketi ileile ya mwenye kampuni ya watu thelathini. Kwa hiyo shilingi 13,960,000 zinatafutwa kwa wadhamini. Mmoja wa milioni tano, wawili wa milioni mbili na nusu, wanne wa milioni moja: 14,000,000, mmetoboa na shilingi 40,000 juu.

Hapo ndipo simu inapigwa. Yule wa milioni tano anakubali, ila anaomba mkurugenzi wake wa masoko apewe dakika arobaini jukwaani, asubuhi, kabla watu hawajachoka. Kamati inatazamana. Bila milioni tano hakuna chakula.

Jibu ni hapana, na kwenye WordCamp jibu hilo limeshaandikwa tayari: udhamini haununui nafasi ya kuzungumza. Ningeitetea kanuni hii hata kama isingekuwa imeandikwa popote. Aliyeacha kazi za wateja Jumamosi nzima ili ajifunze anatambua tangazo ndani ya dakika tatu. Anatoa simu, au anatoka kwenda kwenye chai. Mwaka unaofuata hanunui tiketi, na mdhamini aliyelipia umati anakuta viti. Fedha iliyonunua jukwaa imeharibu kitu kilekile ilichokuja kukinunua.

Hii haina maana kwamba mfanyakazi wa kampuni iliyodhamini anazuiwa kusema. Wengi wao ndio wanaoijua kazi kwa undani: wanaosimamia seva ndio wanaojua kwa nini tovuti huanguka usiku wa ofa. Ajaze fomu kama wengine, achujwe kama wengine. Ulinzi wa kweli ni kugawa kamati. Wanaochagua mada wasiwe wale wanaozungumza na wadhamini, na orodha ya waliolipa isifike mezani kwao mpaka ratiba ifungwe. Kamati ikiwa na watu wanne tu, wawili wawe huku na wawili kule. Inatosha.

Wito wa mada utoke miezi minne kabla, ukae wazi wiki sita. Fomu iulize mambo machache yenye maana: kichwa cha mada, maelezo ya maneno kama 150, inamlenga nani, msikilizaji ataondoka anaweza kufanya nini, lugha ya kuwasilisha. Hilo la nne ndilo linalochuja. Mtu akiandika "Umuhimu wa tovuti kwa biashara ndogo", hajui atasema nini; atasoma slaidi. Akiandika "Kupunguza uzito wa duka la WooCommerce kwa mteja anayetumia bando", amekaa na tatizo mwenyewe (WooCommerce ni plagini, yaani programu-jalizi, ya kuendesha duka la mtandaoni ndani ya WordPress). Msimkatae yule wa kwanza papo hapo. Mwandikieni: tovuti gani ulijenga, nini kilikwama, ulikitatuaje? Mara nyingi mada nzuri iko ndani ya jibu lake, na hakujua kwamba hiyo ndiyo mada.

Mchujo wa kwanza ufanyike bila majina. Mwanakamati asiye mchujaji anaondoa majina na kampuni kwenye jedwali, wachujaji watatu wanatoa alama 1 hadi 5, kila mtu peke yake, bila kuonyeshana. Mada ambazo wachujaji wamepishana sana, mmoja kaweka 5 na mwingine 1, zijadiliwe kwa sauti, kwa sababu wastani huficha mada bora. Mchujo wa pili ndio unaorudisha majina, ili muangalie uwiano: wanawake wako wangapi, wangapi wanapanda jukwaani kwa mara ya kwanza, wa mikoani ni nani, je kampuni moja imechukua nafasi tatu? Ikiwa imechukua tatu, ibaki na moja.

Idadi inatoka kwenye saa. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni ni saa nane. Ondoa ufunguzi nusu saa, chai ya asubuhi nusu saa, chakula saa moja, chai ya alasiri nusu saa, kufunga nusu saa. Zimebaki dakika 300. Kipindi kimoja ni dakika 45: thelathini za mada, kumi za maswali, tano za kubadilishana maiki na laptopu. Mnapata vipindi sita kwa kila ukumbi na dakika 30 za akiba. Msizijaze hizo thelathini. Kumbi mbili ni vipindi 12. Chagueni mada 12, na mbili za akiba ambazo wenyewe wanajua wako akiba na wameandaa slaidi. Kila mwaka kuna mtoa mada ambaye wiki ya mwisho anasafirishwa na kazi.

Suala la posho lisemwe kwenye fomu yenyewe, lisisubiri siku ya tukio. Kwetu mtu akialikwa kuzungumza kwenye semina hutarajia nauli na bahasha, na si tamaa, ndivyo semina zilivyozoeshwa kuendeshwa. Kwenye WordCamp watoa mada hawalipwi. Wote ni wajitolea, kuanzia anayefungua pazia hadi anayefagia. Mtu anayetoka Arusha au Mwanza akigundua hilo akiwa ameshakata tiketi ya basi, atakuwa na haki ya kukasirika. Andikeni wazi: hakuna malipo, tiketi ya kuingia ni bure, chakula kipo, na mada yako itarekodiwa na kuwekwa WordPress.tv, tovuti ya video za WordCamp. Baadhi watajitoa. Watakaobaki wanajua walichokubali.

Na kuna mgeni rasmi. Hakuna kanuni ya WordCamp inayomtaka, ila ukumbi ukiwa wa chuo au wa halmashauri, au mdhamini akiwa na bosi mwenye cheo, jina lake hujitokeza lenyewe. Akichelewa saa moja, ratiba nzima inamsubiri. Akifika, itifaki inasomwa robo saa, na aliyejiandaa miezi mitatu kueleza usalama wa tovuti anaambiwa apunguze iwe dakika kumi. Kama hamuwezi kumkwepa, mpeni dakika tano wakati wa kufunga badala ya kufungua. Mpango huo haumvunjii heshima, na akichelewa haumuumizi mtu. Mshereheshaji apewe maagizo kwa maandishi: saa tatu na nusu kipindi cha kwanza kinaanza, aliyefika na asiyefika.

Maonyesho ya moja kwa moja jukwaani ndiyo yanayowaangusha watoa mada wazuri kuliko kitu kingine. Mfano unaojirudia Nairobi na kwingineko: kuonyesha duka la WooCommerce linalopokea M-Pesa kupitia Daraja, mlango wa Safaricom kwa watengenezaji programu. Mtoa mada ameweka duka kwenye laptopu yake. Anabonyeza kulipa, ombi la namba ya siri linatokea kwenye simu, anaingiza, ukumbi unapiga makofi. Kisha oda inabaki pale pale ikisubiri malipo. Ombi lilitoka vizuri, kwa sababu laptopu inaweza kuifikia Safaricom. Jibu ndilo lililopotea: Safaricom hulirudisha kwenye anwani ya HTTPS (ya mawasiliano yaliyosimbwa) iliyo wazi kwenye intaneti, na laptopu iliyo nyuma ya Wi-Fi ya hoteli haina anwani hiyo. Plagini haina kosa, wala mtandao hauna kosa. Duka la maonyesho liwekwe kwenye seva halisi yenye cheti cha SSL kinachowezesha HTTPS, kwenye kikoa kidogo (tawi la jina la tovuti) kisichotumika na wateja, na lijaribiwe kwa akaunti ya majaribio ya Daraja. Halafu, hata kama kila kitu kinafanya kazi, rekodi video ya dakika mbili ya hatua zote na uiweke ndani ya slaidi. Intaneti ikikatika, unaendelea kueleza juu ya video.

Jambo jingine kwenye maonyesho ni siri. Mtu anafungua wp-config.php, faili ya mipangilio ya WordPress, kuonyesha mstari mmoja, na hapohapo juu yake kuna jina la hifadhidata, mtumiaji na nenosiri. Kamera inarekodi. Mwambieni kila mtoa mada atumie tovuti ya majaribio yenye manenosiri atakayoyabadilisha jioni ileile, azime WhatsApp kwenye laptopu, na afungue kivinjari chenye wasifu mpya usio na vichupo vya benki.

Slaidi ziwe za uwiano wa 16:9, maandishi yasipungue pointi 30, msimbo usipungue 24 na usizidi mistari kumi kwa slaidi moja. Kumbi zetu nyingi zina madirisha makubwa na mapazia mepesi, kwa hiyo maandishi meusi kwenye nyeupe husomeka kuliko yale ya kijivu kwenye nyeusi ambayo watengenezaji huyapenda. Nakala ya PDF kwenye flashi, kila mtu. Meza ya jukwaani iwe na nyaya mbili za HDMI na adapta mbili za USB-C kwenda HDMI, na laptopu zote zijaribiwe siku moja kabla: si kila tundu la USB-C hutoa picha, mengine ni ya chaji na data tu, na hilo huwezi kulijua kwa kuliangalia. Jukwaa liwe na laini yake ya intaneti, kebo au ruta ya 4G yenye nenosiri lisilotolewa ukumbini. Watu 150 wakishusha picha kwenye Wi-Fi moja, wa kwanza kuumia ni aliye jukwaani.

Turudi kwa wadhamini, tukijua sasa kisichouzwa. Vinavyouzwa ni hivi: nembo kwenye tovuti ya mkutano na kwenye bango, meza ya maonyesho, shukrani wakati wa kufungua na kufunga, tiketi kadhaa za wafanyakazi, nembo kwenye fulana. Barua ya kuomba iwe ya ukurasa mmoja, yenye bei, idadi ya watu mnaowatarajia, na aina yao: wangapi wanatengeneza tovuti kwa kuajiriwa, wangapi wamejiajiri, wangapi ni wanafunzi. Kampuni inayokodisha nafasi kwenye seva inahitaji waliojiajiri, kwa sababu mmoja wao huleta wateja ishirini. Benki au kampuni ya malipo inahitaji wenye maduka ya mtandaoni. Chuo kinahitaji wanafunzi. Barua moja iliyotumwa kwa wote haimgusi yeyote.

Fedha huchelewa, na huchelewa kwa sababu za kikaratasi zinazojulikana. Kampuni ya hapa nchini haitalipa bila ankara, na mhasibu wake atataka risiti inayotambuliwa na mamlaka ya kodi: ya mashine ya EFD Tanzania, ya eTIMS Kenya, ya EFRIS Uganda. Kamati ya marafiki isiyosajiliwa haina mojawapo ya hizo. Upande wa kimataifa mambo ni mepesi, maana WordPress Community Support, kampuni tanzu ya WordPress Foundation (shirika lisilo la faida), inaweza kupokea fedha za udhamini, kutoa ankara na kulipa watoa huduma kwa niaba ya mkutano, baada ya bajeti yenu kupitiwa na kukubaliwa. Ila mdhamini wa Kariakoo hataki ankara kutoka Marekani. Anataka kulipa kwa shilingi na apate risiti leo. Njia inayofanya kazi ni kumwomba alipe mtoa huduma moja kwa moja. Alipie ukumbi. Hoteli inamkatia risiti yeye, nyinyi mnaufuta mstari wa ukumbi kwenye bajeti, na hakuna shilingi iliyopita kwenye simu ya mwanakamati. Hiyo ya mwisho ina uzito wake: michango ya udhamini inayoingia kwenye M-Pesa ya mtu binafsi imevunja kamati nyingi, hata pale ambapo hakuna aliyeiba.

Ulizeni pia mapema kama mdhamini atakata kodi ya zuio kabla ya kulipa, ili kiasi kitakachofika kijulikane. Kwa fedha zinazotoka nje, gharama za benki za kati humega kiasi njiani. Kwenye fomu ya kutuma kuna chaguo la OUR, ambapo mtumaji anabeba gharama zote. Liandikeni kwenye ankara. Na kwa kuwa kampuni kubwa hulipa siku 30 hadi 90 baada ya kupokea ankara, wakati hoteli inataka malipo ya awali leo, mazungumzo na wadhamini yaanze miezi mitano kabla, yatangulie hata wito wa mada.

Udhamini wa vitu upokelewe kwa kipimo kimoja tu: je, unafuta mstari uliopo kwenye bajeti? Kampuni ya intaneti ikileta laini na fundi, imefuta 600,000. Chuo kikitoa ukumbi, kimefuta milioni mbili na nusu, na kinastahili kutajwa kwa kiwango hicho. Lakini kuponi mia za punguzo la kikoa hazifuti chochote. Zipokeeni kwa shukrani, mzigawe, ila msiziweke upande wa mapato, maana mpishi hapokei kuponi.

Zawadi za wadhamini kutoka nje ni mtego. Boksi la fulana na stika linafika uwanja wa ndege, linadaiwa ushuru, VAT na gharama za kuhifadhi, na linatoka wiki moja baada ya mkutano. Mwombeni atume fedha na faili, mchapishe hapa: Kariakoo, River Road Nairobi, Nasser Road Kampala, kote huko kuna watu wanaolala na mashine zao. Faili iwe SVG au PDF ya vekta, yaani mchoro usiopoteza ubora ukikuzwa. Nembo iliyochukuliwa kwenye tovuti yenye upana wa pikseli 300 itaonekana ukungu kwenye bango la kusimama la sentimita 85 kwa 200, ambalo hata kwa nukta 100 kwa inchi linahitaji upana wa pikseli zipatazo 3,350. Kwa fulana, kila rangi huhitaji fremu yake ya kuchapia, kwa hiyo nembo saba za wadhamini katika rangi zao halisi zinaweza kuzidisha gharama ya fulana yenyewe. Zote mgongoni, kwa rangi moja, na lisemwe kwenye mkataba tangu mwanzo. Saizi ziulizwe kwenye fomu ya tiketi, msikisie.

Sasa lile ombi la pili, linalokuja baada ya jukwaa kukataliwa: orodha ya barua pepe na namba za simu za washiriki. Halipatikani pia. Kenya na Uganda zina sheria za ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na aliyetoa namba yake ili apate tiketi hakuitoa ili apigiwe simu na wauzaji. Mdhamini akitaka mawasiliano, aweke fomu kwenye meza yake na atoe sababu ya mtu kuijaza: bahati nasibu ya kikoa cha mwaka mmoja, ukaguzi wa bure wa kasi ya tovuti. Meza inayokagua tovuti za watu papo hapo hujaa kutwa nzima. Meza yenye vipeperushi na pipi hubaki na vipeperushi. Msaidieni mdhamini hapo: mpeni tundu la umeme, mahali watu wanapopita kwenda kwenye chai, na mwambieni alete fundi badala ya ofisa mauzo.

Kuna sharti linalowagusa watoa mada na wadhamini kwa pamoja, nalo hugunduliwa kwa kuchelewa. WordPress yenyewe iko chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu kila mtu kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza, na WordCamp haimpandishi jukwaani wala haipokei fedha za anayesambaza themu (miundo ya mwonekano wa tovuti) au plagini za WordPress chini ya leseni inayomnyima mtumiaji uhuru uleule. Kuuza plagini kunaruhusiwa kabisa. Kinachokatazwa ni kuuza huku unamfunga mnunuzi asiweze kuibadilisha au kuisambaza. Vilevile anayetumia jina "WordPress" ndani ya kikoa cha biashara yake anavunja kanuni za alama ya biashara inayoshikiliwa na WordPress Foundation. Kwa hiyo kabla ya kumtangaza mtu, fungueni tovuti yake: someni masharti ya mauzo, angalieni anwani. Ni kazi ya dakika kumi. Mkiifanya baada ya nembo kupanda kwenye bango, mtakuwa mnamrudishia mtu fedha ambazo zimeshaliwa na hoteli.

Mkutano ukiisha, mdhamini apate taarifa ndani ya wiki mbili: watu waliofika, si walionunua tiketi, picha tatu za meza yake ikiwa na watu, picha ya nembo yake ilipokaa, viungo vya video kwenye WordPress.tv zikishapanda. Watoa mada wapate maoni ya wasikilizaji, yasiyo na majina, pamoja na video yao. Na kama mnataka yule wa milioni tano arudi, muulizeni bajeti yake hufungwa lini. Kampuni nyingi binafsi hufuata kalenda, kwa hiyo za mwaka ujao hupangwa kuanzia Oktoba. Taasisi za serikali za Tanzania, Kenya na Uganda huanza mwaka wa fedha Julai 1, nazo barua yenu zinaihitaji mezani mapema sana kabla ya hapo, wakati makisio bado yanaandikwa.